Kugeuza Vipande vya Habari kuwa Kurasa Kamili

Makatibu wa vyama vya msingi vya tumbaku hapa Mpanda huandika matangazo mafupi: bei ya kila daraja, siku ya soko, tarehe ya mkutano mkuu. Kila tangazo ni kipande tu. Likifunguliwa peke yake katika intaneti halina kichwa wala jina la chama. Na kwenye simu herufi huwa ndogo mno, kwa kuwa haumo ule mstari unaoiamuru simu kulinganisha ukurasa na upana wa kioo chake.

Upungufu huo huondolewa na programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa katika ile kubwa ya kutengenezea kurasa. Fundi huandika kiolezo mara moja: jina la chama, namba ya uandikishaji, anwani, na katikati nafasi tupu. Programu hutia kila kipande katika nafasi hiyo na kutoa ukurasa kamili. Anwani ikibadilika, kama Mpanda ilipotoka Mkoa wa Rukwa na kuingia Katavi mwaka 2012, hurekebishwa kiolezo kimoja, kisha kurasa zote hutengenezwa upya.

Lakini msimu usiandikwe katika kiolezo. Ukisahauliwa humo, bei mpya zitatoka chini ya jina la msimu uliopita, na mkulima mwenye stakabadhi mkononi atabishana na karani ilhali hakuna aliye mwongo. Msimu, tarehe na jina la aliyeidhinisha bei viwe ndani ya kipande chenyewe. Na kipande kisicho na tarehe, programu iagizwe kukikataa.