Ua la Fedha Kando ya Mvuke wa Kibo

Anayefika kambi ya Barafu, kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 4,600 na ushei, kichwa huwa kinamgonga na macho yote yako kileleni. Akiinama kukaza kamba za viatu ndipo anapokiona: kichaka kifupi chenye majani ya rangi ya fedha, kimejibanza nyuma ya jiwe. Hiyo ni Helichrysum newii, ya ukoo mmoja na alizeti.

Wengi hudhani baridi ndiyo adui wa mimea huko juu. Kwangu mimi, hiyo ni nusu ya kesi. Kilimanjaro iko karibu na ikweta, kwa hiyo haina miezi ya baridi kali na miezi ya joto. Hayo yote hupita ndani ya siku moja. Mchana jua huchoma kupitia hewa nyepesi. Usiku joto hupotea angani, maji yaliyo udongoni huganda na kuchomoza kama sindano, yakiinua udongo. Asubuhi sindano huyeyuka, udongo ukaporomoka tena. Mche wenye mizizi ya juujuu hung'olewa hata kabla haujashika. Mvua nayo ni haba, na udongo wa volkano wa huku juu hautunzi maji vizuri.

Ndiyo maana ufupi huku ni mali. Karibu na ardhi upepo hupungua nguvu, na jiwe lililoota jua mchana kutwa hurudisha joto jioni. Ile fedha ni vinyweleo laini vinavyofunika majani, vikipunguza upotevu wa maji na makali ya jua. Ua lenyewe linadanganya. Kile unachokiita petali ni vijani vikavu kama karatasi; maua halisi ni yale madogo mno yaliyosongamana katikati. Kwa kuwa vijani hivyo vimekauka tangu mwanzo, havina cha kunyauka, na ua lililokwisha kazi zamani huonekana kama la jana. Kishawishi cha kulitia mfukoni ni kikubwa. Liache.

Jina newii limetokana na Charles New, mmisionari wa Ribe, bara kidogo kutoka Mombasa. Mwaka 1871 alipanda Kibo, koni ya juu zaidi ya Kilimanjaro, mpaka akaigusa theluji, ingawa kileleni hakufika, na mimea aliyokusanya ikapelekwa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza.

New hakujua somo wake huyu anaweza kufika mbali kuliko yeye. Mmea huu umewahi kukutwa juu ya mita 5,600, ndani ya kreta ya Kibo, karibu na matundu yanayotoa mvuke na harufu ya salfa. Kibo imelala tu, haijafa. Joto litokalo chini ya ardhi huzuia udongo wa pale usigande, na mvuke huulowesha. Na katika kreta hiyohiyo yenye joto chini yake, ndimo ilimojengeka barafu iitwayo Furtwängler.