Kisangani: washukiwa mbele ya kamera, hukumu kabla ya korti

Picha zinafanana. Vijana wamekaa chini, miguu mitupu, mikono imefungwa. Mbele yao kumepangwa mapanga, simu, pengine bunduki. Afisa wa Polisi ya Taifa ya Kongo (PNC) anataja majina na makosa, kisha waandishi wa habari wanasogeza mikro. Mjini Kisangani, sawa na Kinshasa au Lubumbashi, video hizo zinapita kwenye televisheni, lakini mara nyingi zimekwisha kuzunguka kwenye WhatsApp.

Sababu zake zinaeleweka. Polisi inataka raia waone kazi yake, na walioibiwa wajitokeze kutambua vitu vyao. Kwa familia iliyovunjiwa nyumba usiku huko Mangobo au Kabondo, kuona mshukiwa amekamatwa ni faraja.

Lakini Katiba ya Februari 18, 2006 inasema mambo mengine. Kifungu cha 17 kinamhesabu kila mshitakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kifungu cha 18 kinaipa polisi saa 48 za kumshikilia mtu, kisha aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria, na kinataka heshima yake ilindwe. Kwa watoto, sheria ya Januari 10, 2009 iliweka korti yao ya pekee.

Hapo ndipo shida ilipo. Mtu akiachiliwa na parke kwa kukosa ushahidi, hakuna kamera inayomngoja mlangoni. Katika komine ambamo watu wanajuana, jina la mwizi linabaki kwake, kwa mke wake na kwa watoto wake shuleni. Na pale ambapo raia wanajichukulia sheria mikononi, uso uliozoeleka kwenye simu unaweza kumletea mtu kifo.

Nchini Marekani, polisi imekuwa kipindi cha televisheni tangu 1989, COPS ilipoanza. Hata hivyo kipindi hicho kilikuwa kikiwakumbusha watazamaji kwamba washukiwa hawana hatia mpaka korti iamue. Kilisimamishwa Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, kabla ya kurudi mwaka uliofuata.

Kongo ina kumbukumbu yake. Novemba 2013 polisi ilianzisha operesheni Likofi dhidi ya kuluna mjini Kinshasa. Mwaka mmoja baadaye, shirika la Human Rights Watch lilisema vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa. Mtu akisha kuitwa kuluna mbele ya wote, ni wachache wanaouliza kama alihukumiwa.

Kuficha sura na jina la mshukiwa hakuzuii polisi kuonyesha bunduki iliyokamatwa. Na kwa vyombo vya habari vya Tshopo, kazi haimalizikii uwanjani kwa polisi: kesi ina siku yake kortini, na huko pia mikro inahitajika.