Maandamano na Mageuzi ya Sheria ya Bangi: Mfano wa Ann Arbor, Marekani

Mwaka 1969 mshairi John Sinclair alihukumiwa jimboni Michigan kifungo cha hadi miaka 10 kwa misokoto 2 ya bangi. Tarehe 10 Desemba 1971 maelfu ya watu walikusanyika Ann Arbor kudai aachiwe, John Lennon akiwa miongoni mwa waimbaji. Siku 3 baadaye aliachiwa. Mfuatano huo huwafanya wengi waamini kwamba mkutano ndio uliofungua gereza. Hata hivyo, Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kupitisha upunguzaji wa adhabu siku moja kabla. Mchango wa umma, basi, hauna budi kutafutwa katika kampeni iliyotangulia, si katika usiku ule wa nyimbo. Machi 1972 Mahakama ya Juu ya Michigan ilibatilisha hukumu yenyewe.