Bustani za Kiangazi Kando ya Ziwa Mweru

Saa kumi na mbili ya asubuhi, mwezi wa Agosti mwaka 2023, ufukoni mwa Ziwa Mweru katika mji wa Nchelenge walikuwako watu wa namna mbili. Wapo wavuvi waliokuwa wakirudi na dagaa wao, ambao huko huitwa chisense na huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Na wapo akina mama wenye ndoo vichwani, wanaoteka maji yasiyokuwa ya kupikia wala ya kufulia. Mmoja wao, mke wa askari polisi, alikuwa akipanda kutoka ziwani kwa mara ya nne. Yeye alikulia Nakonde, mpakani na Tunduma, na Kiswahili chake hakina shaka.

"Kaka, kabichi hazijui kwamba leo ni Jumapili," alimwambia mwandishi wa makala haya, akaendelea na safari yake bila kusimama.

Nchelenge iko katika jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, na ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Kongo. Ziwa lenyewe liko mita zaidi ya 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili. Kisha huja miezi ya baridi kavu, Mei hadi Julai, na baada yake joto kali la Septemba na Oktoba. Mgeni angedhani kwamba mkulima wa mboga huisubiri mvua. Kumbe sivyo. Wakati wa mvua majani huoza, magugu hushinda jembe, na sehemu za bondeni hujaa maji. Bustani ya huko ni ya kiangazi, na anayetaka kula kabichi au mboga ya repu hana budi kuibeba mvua yake mwenyewe kichwani.

Wala si anasa. Chakula cha nyumba nyingi za kando ya ziwa hilo ni ugali wa muhogo na samaki. Muhogo mweupe hushibisha, lakini hauna vitamini A. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari walichunguza upofu wa watoto katika bonde la Luapula, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni upungufu wa vitamini hiyo pamoja na ugonjwa wa surua. Siku hizi watoto hupewa matone ya vitamini A kliniki, na chanjo ya surua imeokoa wengi. Hata hivyo matone hayo hutolewa mara chache kwa mwaka, na mtoto hula kila siku. Mama anayemwona mtoto wake akijikwaa jua linapotua, hali wenzake wanacheza bila shida, asidhani kuwa ni mzembe. Ampeleke hospitali upesi, kisha atazame chungu chake.

Jambo la pili ni sheria ya uvuvi. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo mitatu samaki huadimika na bei hupanda. Nyumba iliyotumia kiangazi chake vizuri huwa na mboga zilizokaushwa, huwa na vitunguu vilivyoning'inia jikoni, na pengine akiba ya fedha za nyanya. Nyumba iliyoshindwa bustanini mwezi wa Septemba huyaona matokeo yake Januari.

NDOO KUMI

Mke wa askari tuliyemtaja ana matuta manane nyuma ya nyumba, kila moja lina upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Jumla ni mita za eneo 40. Wakati wa joto kali, mboga za majani huhitaji kiasi cha lita tano kwa kila mita ya eneo kwa siku. Hesabu haina huruma: lita 200, yaani ndoo kumi za lita 20. Mwaka wake wa kwanza alizibeba zote kumi, na bado miche ilinyauka, kwa sababu udongo wa karibu na ufuko ni mchanga mtupu. Maji hupita kama kwenye chujio.

Mafanikio yake ya mwaka wa pili hayakutoka dukani. Alikata nyasi, akatandaza juu ya matuta unene wa kiganja, akaanza kumwagilia jioni tu badala ya saa nne za asubuhi. Aligundua kwamba ndoo sita zilitosha. Tena alianza kuchanganya mchangani samadi ya kuku na takataka za jikoni zilizooza vizuri, ambazo hushika maji kama sifongo. Na jivu la meko, ambalo zamani alilitupa, sasa hulinyunyiza kidogo kidogo kabla ya kupanda. Udongo wa sehemu hizo za kaskazini huoshwa na mvua nyingi mwaka hata mwaka na kuwa na asidi. Jivu hupunguza asidi hiyo na kuongeza chumvichumvi ya potasi. Lakini konzi moja au mbili kwa mita ya eneo zinatosha. Jirani yake alimwaga debe zima juu ya tuta moja, akaunguza miche yote.

Pigo lake kubwa lilikuwa nyanya. Mwezi wa Septemba majani yalianza kuwa na mabaka meupe kama yaliyochorwa na mtoto, kisha matunda yakatobolewa karibu na kikonyo. Wasomaji wetu wa Tanzania wanamjua mdudu huyo kwa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini; aliingia Hispania mwaka 2006, akafika Tanzania mwaka 2014, na Zambia mwaka 2016. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani, baina ya ngozi mbili, hivi kwamba dawa nyingi zinazopulizwa juu hazimfikii. Mama huyu alipuliza mara tatu, akapoteza fedha na nyanya pia. Sasa huchuma majani yenye mabaka mapema na kuyafukia kwenye shimo refu, hung'oa mashina yote mara mavuno yanapokwisha, na hapandi nyanya mahali palepale msimu unaofuata. Anakiri kwamba bado hupoteza, ila si zote.

NJIA YA KIBOKO

Habari iliyochekesha watu, ingawa mwenyewe hakucheka, ni ya askari mmoja kijana aliyetafuta shamba la mboga karibu na matete ya ziwa. Aliona ukanda mmoja wa ardhi nyeusi, laini, wenye rutuba kuliko yote ya jirani, na akashangaa kwamba wenyeji wameuacha wazi. Alilima, akapanda repu na mchicha, akamwagilia kwa wiki sita. Usiku mmoja bustani yote ikaliwa na kukanyagwa hata ikawa kama barabara. Wazee walimweleza asubuhi yake: ile ilikuwa njia ya kiboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni, hupenda kupita njia ileile, na hutapanya mavi yake njiani. Rutuba aliyoifurahia ilikuwa alama ya mwenye njia.

Alijaribu kujenga ua wa matete. Ua wa matete mbele ya kiboko ni kama barua ya kumwomba asipite. Mwishowe alihamisha bustani juu zaidi, karibu na nyumba, na huko ni salama ingawa maji yako mbali. Yafaa kuongeza kwamba kumfukuza mnyama huyo usiku kwa tochi na fimbo si ushujaa, kiboko huua. Na anayeteka maji alfajiri penye matete asisahau mamba.

MWALIMU NA BILAURI

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kashikishi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ana bustani ya ngogwe, ambazo huko huitwa impwa, pamoja na bilinganya na pilipili. Yeye alipatwa na mnyauko. Mmea mzuri, wenye majani ya kijani kabisa, huanguka kwa siku mbili kama mtu aliyezirai, na kumwagilia hakusaidii. Aliwadhania mchwa, akadhania hata jirani.

Ndipo alipokumbuka jaribio rahisi. Alikata shina karibu na ardhi, akalitumbukiza katika bilauri ya maji safi, akangoja bila kuitikisa. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka shinani. Huo ni mnyauko wa bakteria, ambao hukaa udongoni na hauna dawa ya kupuliza. Dawa yake ni kuupa udongo mapumziko: kuacha kwa misimu kadhaa kupanda nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili na viazi mviringo, ambazo zote ni ukoo mmoja, na kupanda mahindi, vitunguu au kabichi badala yake. Mzee alipanda vitunguu. Alivuna vizuri kuliko alivyotazamia, akavining'iniza darini, na Januari iliyofuata, uvuvi ulipokuwa umefungwa, alikuwa akiviuza kimoja kimoja.

"Mwanangu," alisema, "ugonjwa ule ndio ulionifundisha vitunguu. Ila usiandike kwamba naushukuru."

SHIMO LA MAJI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wenye bustani hawakupenda kulizungumza. Ili kuepuka safari za ziwani, wengi huchimba mashimo ya maji katikati ya bustani, au huweka mapipa wazi. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazojulikana sana kwa malaria. Mbu wa aina moja huzaana kwenye maji ya kudumu yenye majani, kama ukingo wa ziwa na mabwawa. Wa aina nyingine hupenda vidimbwi vidogo vilivyo juani, na shimo la bustani ni nyumba aliyojengewa. Katika joto, yai hufikia kuwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi.

Mke wa askari naye alikuwa na shimo. Mtoto wake wa pili alilazwa kwa malaria mara mbili katika kiangazi kimoja. Hawezi kuapa kwamba ni mbu wa shimo lile, maana ziwa lenyewe lina mbu wa kutosha. Lakini alilifukia kwa mikono yake siku aliyorudi kutoka hospitali, na ndiyo maana sasa anatembea mara sita kwa siku. Wazazi wetu waliosikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 wangelijua shimo lile mara moja. Mwenye pipa na alifunike vizuri, au alimwage na kulisugua kila wiki kabla ya siku saba kutimia. Na chandarua kitumike juu ya kitanda, kisiwe ua wa kuzuia kuku.

MBOGA ZA MANTAPALA

Katika wilaya hiyohiyo kuna makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa Januari 2018 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka kutoka Kongo tangu mwaka 2017. Makazi hayo yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji walime na kuishi kwa jirani, na Kiswahili kinasemwa humo. Mama mmoja aliyetoka upande wa Pweto alisema hakuja na chochote isipokuwa watoto na mbegu za lengalenga zilizofungwa kwenye pindo la kitenge. Lengalenga ni mchicha wetu. "Papa, kabichi inataka kubembelezwa," alisema. "Lengalenga inajilea."

Amesema kweli. Mchicha huchumwa wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa, na majani yake ya kijani kibichi, kama yale ya maboga, matembele na kisamvu, yana asili ya vitamini A kuliko kabichi nyeupe ambayo watu huinyenyekea kwa sababu ya bei. Kwa hiyo mwenye nguvu za ndoo tatu tu asilie. Apande mchicha na maboga. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu itoke. Wenyeji hupika mboga za namna hiyo kwa karanga zilizotwangwa, chakula kiitwacho ifisashi, na mafuta ya karanga husaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Ni chakula ambacho mpishi wa kambi yoyote angeweza kukipika bila gharama kubwa.

Kwa kukausha, mama yule huyachovya majani katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, huyachuja, na kuyaanika kivulini penye upepo. Juani hukauka upesi, lakini jua kali huharibu vitamini ile ile inayotafutwa.

Mwandishi alirudi kwa mke wa askari siku ya mwisho kumuaga, akamkuta amekaa kwenye msingi wa nyumba, bustani imejaa, kabichi zimeanza kufunga. Barua ya uhamisho wa mumewe ilikuwa imefika juzi yake. Wasomaji wetu walioko kambini wanaijua barua hiyo. Walitakiwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi, na kabichi zilihitaji wiki tano zaidi. Hakulia. Alikuwa akichambua mbegu za mchicha na za maboga, akizitia katika chupa kavu pamoja na jivu kidogo, sehemu moja ya kwenda nayo na sehemu moja ya jirani, mke wa koplo aliyehamia mwezi uliopita na ambaye hajawahi kushika jembe.

"Dada, na hizi kabichi nizimwagilie ndoo ngapi?" aliuliza yule jirani.

"Sita. Jioni. Na usinichimbie shimo pale."