Kombe lilikuja Turiani, biashara ikabaki Arusha

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

JUMAMOSI ya Juni 2, 2018, Mtibwa Sugar ya Turiani iliilaza Singida United mabao 3-2 katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha na kutwaa Kombe la Shirikisho la Azam. Kwa mpenzi wa kandanda, habari inaishia hapo: Kombe limekuja Morogoro. Mfanyabiashara ana swali moja zaidi. Fedha za siku ile zilitumika wapi?

Jibu halihitaji mtaalamu wa uchumi. Vyumba vya wageni vilivyolala watu usiku ule vilikuwa vya Arusha. Nyama iliyochomwa, soda zilizonywewa na teksi zilizokodiwa zilikuwa za Arusha. Morogoro ilipata sifa na Arusha ikapata mauzo. Huo ndio mtego wa mashindano ya mtoano, na wenye vibanda, magenge na nyumba za kulala wageni chini ya Milima ya Uluguru wanapaswa kuuelewa kabla ya kutia fedha zao katika msimu wowote wa Kombe.

Msimu usiotabirika

Ligi ni kama duka lenye wateja wa kudumu. Msimu wa 2017/18 ulikuwa na timu 16, hivyo kila klabu ilijua tangu mwanzo kwamba itacheza nyumbani mara 15. Muuza machungwa aliweza kupanga manunuzi yake kwa kuangalia ratiba tu.

Kombe ni kitu kingine. Mechi ni moja, anayefungwa anafungasha, na mwenyeji hupatikana kwa kura. Msimu ule ulitoa somo la kutosha. Simba, aliyekuwa bingwa mtetezi wa Kombe na ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa ligi msimu huo huo, alitolewa mapema kwa penalti na Green Warriors, timu ya daraja la pili. Yanga naye alitolewa kwa penalti na Singida United katika robo fainali. Azam akakutana na Mtibwa, na penalti zikamaliza kazi tena.

Mfanyabiashara aliyetarajia Simba na Yanga wamletee umati fainali alipoteza dau lake kabla ya Pasaka kupita. Timu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini hazikufika hata nusu fainali.

Safari tatu, nyumbani hakuna

Tuitazame njia ya Mtibwa kama tunavyotazama hesabu za duka. Robo fainali ilichezwa Chamazi, Dar es Salaam. Nusu fainali dhidi ya Stand United ilichezwa Kambarage, Shinyanga. Fainali ilikuwa Arusha. Katika mechi tatu zenye uzito mkubwa kuliko zote, hakuna hata moja iliyochezwa Manungu au Uwanja wa Jamhuri.

Kwa hiyo kadiri timu ilivyoukaribia ubingwa ndivyo biashara ilivyokwenda mbali na nyumbani. Upande wa klabu kulikuwa na gharama za basi, mafuta, malazi na posho. Upande wa mchuuzi wa Turiani au Msamvu kulikuwa na redio na televisheni tu. Waliochangamka kidogo ni wenye mabanda ya kuonyeshea mpira.

Hesabu ya Sh. milioni 50

Zawadi ya bingwa ilikuwa Sh. milioni 50. Kwa mtu wa kawaida ni fedha nyingi. Lakini klabu hii ni ya kiwanda cha sukari, basi tuzipime kwa sukari. Tukichukua bei ya Sh. 2,500 kwa kilo, Sh. milioni 50 ni tani 20, mzigo ambao haujazi semitrela moja. Tukizigawa sawasawa kwa wachezaji na viongozi 30, kila mmoja anapata chini ya Sh. milioni 1.7. Na hapo hujalipa basi wala hoteli.

Zawadi kubwa zaidi ilikuwa tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na tiketi hiyo nayo ilikuja na bili. Kwanza klabu ilikuwa na faini ya zamani ya CAF, iliyotokana na kutosafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na Santos. Kisha zikaja safari zenyewe. Mtibwa iliitoa Northern Dynamo ya Shelisheli, halafu ikatolewa na KCCA ya Uganda. Mechi zake za nyumbani zilichezwa Chamazi, maana yake ni kwamba hata wageni wa kimataifa walikula na kulala Dar es Salaam.

Yako mapato yasiyoonekana mlangoni. Ubingwa hupandisha thamani ya mchezaji, na mwaka ule ule Hassan Dilunga aliondoka Mtibwa kwenda Simba. Lakini faida ya namna hiyo ni ya klabu. Haifiki gengeni.

Kiwanda ndicho mtaji

Wakongwe wa Morogoro hawashangazwi na haya. Mkoa huu una historia ndefu ya soka. Mseto ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1975. Zikafuata enzi za Tumbaku, na za Reli iliyoitwa Kiboko ya Vigogo. Mtibwa yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1988, ilikuwa bingwa wa ligi mwaka 1999 na 2000.

Majina yenyewe yanaeleza mtaji ulikotoka: tumbaku, reli, sukari. Nyuma ya timu kulikuwa na kazi, mshahara na mwajiri. Makombe yalikuwa mavuno ya mti huo na kamwe hayakuwa mizizi yake. Mtibwa ilitwaa Kombe mwaka 2018, lakini miaka 6 baadaye, mwaka 2024, ilishuka daraja ikiwa mkiani mwa Ligi Kuu. Ilirejea mwaka 2025 baada ya kuongoza Ligi ya Championship. Fedha za Kombe hazikuizuia isianguke, kwa sababu mkupuo mmoja hauendeshi timu miaka 6.

Mwekezaji mdogo azingatie hilo pia. Hakuna hisa za klabu hii zinazouzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, wala za kampuni ya sukari inayoimiliki. Anayetaka kuvuna kutokana na soka la Morogoro hana budi kuvuna kwa njia ya huduma: chumba, chakula, usafiri na bidhaa.

Fainali zilipita kando

Hapo ndipo linapokuja suala la uenyeji. Tangu mashindano haya yafufuliwe, fainali 10 za kwanza zilichezwa Dar es Salaam (2016), Dodoma (2017), Arusha (2018), Lindi (2019), Sumbawanga (2020), Kigoma (2021), Arusha tena (2022), Tanga (2023), kisha Zanzibar mara mbili mfululizo (2024 na 2025). Morogoro haimo.

Sumbawanga na Kigoma ziko mbali mno kwa shabiki wa Dar es Salaam, na bado zilipata fainali. Kigoma iliwapokea Simba na Yanga kwa pamoja mwaka 2021. Morogoro iko chini ya kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, kwenye njia panda ya barabara za Dodoma na Iringa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita hapa. Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa mwaka 2021, liko katikati ya mji. Kabichi, karoti na njegere hutoka Mgeta, ndizi na mananasi huteremka kutoka Matombo na Kinole. Mji usio na shida ya chakula una sababu ya kuomba wageni.

Hata hivyo ukaribu una ubaya wake. Shabiki anayefika kwa treni mchana na kurudi usiku hanunui chumba, ananunua chakula tu. Mwenye gesti asipige hesabu ya mama lishe.

Ushauri kwa msimu ujao

Kwa wafanyabiashara wadogo, ukurasa huu una mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, mtaji wa kudumu uwekwe kwenye ratiba ya ligi, hasa siku za Simba na Yanga. Hapo nako uliza mapema mechi iko Jamhuri au Manungu, kwa kuwa kati ya viwanja hivyo viwili kuna safari ya kama kilomita 100 na wateja tofauti kabisa.

Pili, Kombe lichukuliwe kama bahati ya mvua za vuli. Subiri kura itoke ndiyo ununue mzigo, na usikope kwa kutegemea kwamba timu itavuka raundi inayofuata. Matunda ya Matombo hayangojei matokeo ya penalti.

Tatu, wenye hoteli, wasafirishaji na viongozi wa mkoa wakae meza moja na kupeleka ombi la fainali TFF. Mtibwa ilikwisha onyesha kwamba mkoa huu unaweza kulileta Kombe. Fainali ikichezwa Jamhuri, hata kama bingwa atatoka Mwanza au Mbeya, ataondoka na kombe lake na kuuacha mji huu na mauzo ya siku mbili.