Besi Imekwenda Wapi? Nyimbo Mpya Kwenye Nyuzi Nne

Wimbo "Bad Guy" wa Billie Eilish, uliotoka mwaka 2019, umebebwa na vitu vichache mno. Kuna sauti inayonong'ona karibu kabisa na maikrofoni, kuna mdundo mkavu, na kuna besi inayotembea chini kwa chini tangu mwanzo. Billie na kaka yake, Finneas, waliutengeneza nyumbani, na besi hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji atikise kichwa hata kabla hajasikia neno lolote. Sasa mpe kazi hiyo mtu mwenye ukulele. Uzi wake wa chini kabisa unatoa do ya katikati ya kinanda, yaani mitetemo 262 hivi kwa sekunde. Gitaa la kawaida hushuka mpaka mitetemo 82. Chochote kilicho chini ya do ile, ukulele haina. Kwa maneno mengine, kile kilichoufanya wimbo utambulike hakipo kwenye chombo.

Hata hivyo wapigaji wa ridhaa hawaachi kuupiga, sebuleni na mbele ya kamera za simu, na baadhi yao wanaupiga vizuri kweli. Mara nyingi huambiwa kwamba wanapenda ukulele kwa sababu ni rahisi. Kwa vidole ni kweli. Lakini anayechukua wimbo wa msanii wa leo, uliojengwa kwa kompyuta na tabaka nyingi za sauti, akauhamishia kwenye nyuzi nne, ana kazi ambayo vidole havimsaidii: kuamua kipi abaki nacho na kipi akitupe.

Tuanze na nyuzi zenyewe. Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa atazielewa mara moja: so, do, mi, la. Zipige wazi, bila kubonyeza popote, utasikia tayari muziki uliokamilika nusu. Bonyeza uzi wa la kwenye freti ya tatu, la inapanda kuwa do, na umepata kodi ya C (kodi za muziki, si za serikali). Achia, kisha bonyeza uzi wa so kwenye freti ya pili, so inakuwa la, na hiyo ni Am. Ongeza kidole kimoja kwenye uzi wa mi, freti ya kwanza, unapata F. G ndiyo inayodai vidole vitatu. Kwa kodi hizo nne unaweza kupiga sehemu kubwa ya nyimbo za redioni. "Riptide" wa Vance Joy, Mwaustralia aliyejulikana mwaka 2013 kwa wimbo huohuo, karibu wote umesimama juu ya Am, G na C, na F hupita katikati tu. Kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote pamoja, hukaa kwenye freti ya kwanza. Kazi yake ni ileile ya kitufe cha "transpose" ambacho wapiga kinanda wa makanisani hukibonyeza mwimbaji akianza wimbo mahali asipopajua mtu.

Jambo la ajabu liko kwenye uzi wa so. Ndio ulio karibu zaidi na uso wa mpigaji, mahali ambapo kwenye gitaa ungekuta uzi mnene wa besi, lakini hapa ni mwembamba na sauti yake iko juu ya do na mi zinazoufuata. Ukicharaza kushuka unaanzia juu, unazama, unapanda tena. Noti zote nne wazi zimesongamana ndani ya nafasi ndogo, kutoka do hadi la. Ndiyo maana ukulele hung'aa kuliko gitaa. Ndiyo maana pia haiwezi kuunguruma.

Kwa hiyo "Bad Guy" ifanyweje? Kodi zake hazisumbui: Gm, Cm na D7 zinatosha. Anayecharaza hizo tu, chini-juu, chini-juu, atatoa wimbo wa kambi ya skauti. Walioelewa huichukua ile njia ya besi na kuipandisha, wakaipiga noti moja moja kwenye uzi wa do, bila kodi yoyote, huku wakiimba. Besi inageuka kuwa melodi ya pili. Vitisho vinapungua na kejeli inaongezeka, jambo ambalo halina ubaya kwa wimbo ambao tangu awali una dhihaka ndani yake. Mdundo nao unahitaji mbadala. Mpigaji hushusha kucha kwenye nyuzi na papo hapo ubavu wa kiganja unazizima: chak! Akiiweka hiyo kwenye pigo la pili na la nne, tayari ana ngoma.

Billie Eilish mwenyewe hangeshangaa, maana ukulele ndiyo chombo cha kwanza alichojifunza, na mwaka 2020 kampuni ya Fender ilitoa ukulele yenye jina lake. Hayuko peke yake katika kizazi chake. Tyler Joseph wa kundi la Twenty One Pilots aliiweka mbele kabisa kwenye "House of Gold". Grace VanderWaal alishinda America's Got Talent mwaka 2016 akiwa na miaka 12, ukulele mkononi, akiimba nyimbo alizotunga mwenyewe. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyeweza kumwambia mtoto kwamba kile ni kitu cha kuchezea.

Lakini desturi ya mtu wa kawaida kupiga wimbo mpya kwa ukulele ina umri mkubwa kuliko simu. Mwaka 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, ikiwa imebeba vibarua wa mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwemo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, na kutokana na kigitaa cha kwao, machete, ukulele ikazaliwa Hawaii. Mfalme Kalākaua aliipenda na kuikaribisha ikulu. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliifikisha kwa Wamarekani wa bara, nao wakaiparamia. Katika miaka ya 1920 nyimbo mpya ziliuzwa zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi ili watu wakazipige nyumbani. Mwanamke mmoja wa New York, May Singhi Breen, aliwashawishi wachapishaji waweke juu ya mistari ya maneno vijedwali vya nyuzi nne vyenye nukta za mahali pa vidole. Jina lake likachapishwa kwenye karatasi nyingi kama mpangaji wa sehemu ya ukulele. Chama cha wanamuziki kilipokataa kuitambua ukulele kuwa ala halali, alipigana nacho pia. Vijedwali vile ndivyo hivihivi vijana wanavyovitazama leo kwenye kioo cha simu. Tofauti ni kwamba siku hizo aliyevitoa alikuwa mchapishaji mwenyewe, akitaka wimbo wake upigwe kila nyumba.

Mfano mgumu zaidi kwangu ni "Drivers License", wimbo uliomtambulisha Olivia Rodrigo duniani Januari 2021. Unaanza na mlio wa gari unaogeuka kuwa noti ya piano, kisha unajengeka polepole hadi sehemu ambapo sauti zake zimerundikwa moja juu ya nyingine na hisia inafurika. Uko kwenye ufunguo wa Bb. Kodi ya Bb kwenye ukulele inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi mbili huku vingine viwili vikijikunja nyuma yake, na wanaoanza huichukia kwa haki kabisa. Wengi huuhamishia wimbo C, au huushusha G ikiwa sauti haifiki zile noti za juu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba piano hushikilia noti, na ukulele haishikilii. Nyuzi ni fupi, za nailoni, kasha ni dogo; sauti inazaliwa na kufa hapohapo. Kucharaza kwa haraka ili kuziba pengo huuharibu wimbo, kwa sababu huzuni ile haina haraka. Kudonoa uzi mmoja mmoja, noti zikifuatana, ndiyo dawa. Na kwenye ile sehemu ya mfuriko, ambapo mpigaji peke yake hana sauti kumi za kurundika, walio bora niliowasikia hufanya kinyume: wanaacha kupiga kabisa. Sauti inabaki uchi kwa mistari kadhaa, halafu nyuzi zinarudi taratibu.

Hapo linaingia jambo ambalo wapigaji wengi hawaambiwi na mtu. Mwanamume wa sauti ya kawaida huimba zaidi chini ya do ya katikati, kwa hiyo anapoimba na ukulele, sauti yake iko chini ya chombo chake. Nafasi ya besi imechukuliwa na koo. Ndiyo maana mwanamume akiimba wimbo wa Olivia au Billie kwa ufunguo ulioshushwa, mara nyingi unasikika umejaa hata kama anapiga kodi mbili tatu tu. Mwanamke ana shida nyingine: yeye na ukulele wako chumba kimoja, kati ya do na la, na wanagongana. Akipiga kwa nguvu anajifunika. Apige nyuzi chache, au apande shingo ya chombo kuelekea juu, amwachie mwimbaji nafasi, hata kama mwimbaji ni yeye mwenyewe.

Kwa nyimbo zetu za sasa mtihani ni mkali zaidi. Bongo Fleva nyingi za miaka ya karibuni zimeegemea amapiano, na katika amapiano ule mlio mzito wa gogo ni ngoma na besi kwa pamoja. Kwenye ukulele unatoweka wote. Kinachobaki ni melodi na namna mwimbaji anavyokata maneno. Kuna nyimbo zinazosimama baada ya hapo, tena zinapendeza, na kuna zinazogundulika kwamba zilikuwa noti tatu na mashine nzuri. Sitazitaja.

Kuhusu hakimiliki, kwa kifupi: sheria hutenganisha utunzi na rekodi. Anayepiga upya hagusi rekodi ya msanii, lakini utunzi ameugusa. Marekani mtu anaweza kutoa kava (toleo lililopigwa upya) ya sauti tupu, bila video, ya wimbo ambao umeshatolewa, bila kuomba ruhusa, mradi afuate utaratibu na kumlipa mtunzi. Video haina njia hiyo ya mkato. YouTube ina mfumo wa kutambua nyimbo tangu 2007, na mwenye wimbo anaweza kuiacha video ibaki huku mapato ya matangazo yakienda kwake. Mfuatano wa C, G, Am, F, wenyewe tu, hauna mwenyewe.

Na wale wanaoniuliza kama wabadilishe uzi wa so wakaweka ule mnene unaoshuka oktava moja: inawezekana, na chombo kinapata kifua kidogo, mitetemo 196 badala ya 392. Bado si besi, na uzi uliozungushiwa chuma hukwaruza kila kidole kinapoteleza. Mwenye sauti nzito asijisumbue, kwa sababu uzi huo utaingia palepale anapoimbia. Anayeimba kwa kunong'ona, juu, kwa mtindo wa Billie, ndiye atakayeufaidi.