Samaki wa Ziwa Tanganyika: Namna ya Kuchagua Wanaoweza Kuishi Pamoja Katika Tangi Moja

Ufugaji wa samaki wa mapambo katika matangi ya kioo si jambo geni tena katika nyumba, ofisi na hoteli za mijini. Miongoni mwa samaki wanaotafutwa sana na wafugaji duniani ni wale wa Ziwa Tanganyika, ambao kwa miongo kadhaa wamekuwa wakisafirishwa wakiwa hai kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Hata hivyo, si jambo la ajabu samaki hao kudhoofika au kuuana wiki chache baada ya kununuliwa, kwa kuwa mnunuzi aliwachagua kwa kutazama rangi bila kujua ni yupi anayeweza kuishi na mwenzake.

Ziwa Tanganyika, ambalo Tanzania inalimiliki pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, lina kina kinachofikia takriban mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Humo mna aina zaidi ya 200 za samaki wa familia ya sikilidi, familia ambayo sato, perege na furu nao wamo. Karibu aina zote hizo hazipatikani kwa asili mahali pengine popote. Kila moja ina makao yake na chakula chake. Ziwani, samaki aliyeshindwa katika ugomvi hukimbia akaenda zake, lakini ndani ya tangi hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo, usalama wa samaki huamuliwa kabla hawajanunuliwa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana alkali, kipimo chake cha pH kikiwa kati ya 8.5 na 9, na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi linawafaa samaki wake. Samaki wadogo wa neoni wa Amazonia hutoka katika maji laini yenye asidi. Vivyo hivyo, Chromobotia macracanthus, samaki mwenye mistari myeusi anayetoka visiwa vya Sumatra na Borneo na kuishi chini ya maji, hupendelea maji laini kuliko hayo. Kuwachanganya hao na samaki wa Tanganyika ni kulazimisha upande mmoja uishi katika maji usiyoyazoea, na samaki wa namna hiyo hushikwa na maradhi kwa urahisi.

Jambo la pili ni chakula. Samaki wa jenasi ya Tropheus hukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wao mrefu umeumbwa kwa chakula cha mimea. Wakilishwa kwa wingi chakula chenye asili ya nyama, huweza kuvimba tumbo na kufa. Cyprichromis leptosoma, kwa upande wake, huogelea katikati ya maji akila viumbe wadogo sana. Samaki hawa wawili hutoka ziwa moja, lakini chakula kinachomjenga mmoja kinaweza kumdhuru mwingine. Kwa mfugaji anayeanza, ni salama zaidi kuwatengea Tropheus tangi lao na kuwaweka kundi kubwa, kwa sababu wakiwa wachache mmoja wao hugeuka mnyonge wa kushambuliwa na wote.

Jambo la tatu ni umbo na eneo. Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu kichwani, huweza kufikia sentimita 30 na zaidi, naye huwala samaki wadogo wakati wa usiku. Samaki mpole mchana anaweza kummeza jirani yake taa zikizimwa. Kanuni iliyo rahisi kukumbukwa ni kwamba samaki anayeingia katika kinywa cha mwenzake hapaswi kuwekwa naye.

Kwa tangi lenye urefu wa sentimita 120 na ujazo wa lita 300 hivi, mpangilio unaofaa ni ule unaolipa kila kundi sehemu yake. Cyprichromis kumi au zaidi huchukua maji ya juu, na tangi lifunikwe kwa kuwa huruka. Jozi moja ya Julidochromis huishi katika mawe yaliyopangwa upande mmoja. Upande wa pili huwekwa mchanga na magamba matupu ya konokono kwa ajili ya Neolamprologus multifasciatus, mmoja wa sikilidi wadogo kabisa duniani, ambaye hufanya gamba kuwa nyumba na mahali pa kutagia mayai. Kabla ya samaki kuingizwa, tangi liendeshwe kwa wiki nne hadi sita huku maji yakipimwa, ili bakteria wanaoondoa sumu ya amonia wajijenge katika chujio.

Jambo la nne, ambalo wengi hulisahau, ni undugu wa karibu. Tropheus wa pwani moja ya ziwa huweza kuwa na rangi tofauti kabisa na wa pwani nyingine. Wakiwekwa pamoja huzaliana, na watoto wao huwa machotara ambao asili yao haijulikani tena. Mfugaji anapaswa kumuuliza muuzaji mahali samaki walikotoka na kutochanganya makundi hayo.

Hatari huwa kubwa zaidi pale samaki waliozidi wanapotupwa mtoni au ziwani kwa nia ya kuwahurumia. Katika Kisiwa cha Thumbi West, Ziwa Nyasa upande wa Malawi, samaki waliohamishwa kutoka sehemu nyingine za ziwa hilohilo kupitia biashara ya samaki wa mapambo wamestawi, na baadhi yao wamezaliana na wenyeji. Ziwa Victoria nalo ni funzo. Sangara walioingizwa humo katika miaka ya 1950 waliongezeka na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, wakati gugumaji, mmea wa asili ya Amerika Kusini uliosambazwa duniani kama pambo la mabwawa, umesumbua wavuvi na vyombo vya usafiri kwa miaka mingi. Kiumbe kigeni kikishaenea katika ziwa kubwa, kukiondoa chote ni kazi isiyowezekana.

Mwananchi aliye na samaki asiowahitaji anashauriwa kumrudishia muuzaji, kumpa mfugaji mwingine au kumwona ofisa uvuvi wa eneo lake. Maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye udongo wa bustani, si katika mtaro unaoelekea mtoni. Aidha, anayekusudia kuvua samaki wa mapambo au kuwasafirisha nje ya nchi anapaswa kupata kwanza maelekezo ya mamlaka za uvuvi, kwa kuwa shughuli za uvuvi na biashara ya mazao yake husimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.